Saa Nne au Saa Tano: Kwa Kabula Aliye Chato

Mpwa wangu Kabula,

Mwangaluka, mayu; nakuamkia kwa Kisukuma chetu, mama. Kabla hujaendelea kusoma, ujue barua hii inatoka kwa mtu ambaye soko la London haliwezi kufunguliwa mpaka lipate habari kwamba ameshakunywa chai. Hapa Kalangalala, Geita, hata watoto wanalijua hilo. Kuna siku nilipiga chafya nikiwa nimeshika simu, pauni ikaporomoka, na watu wawili wenye akili timamu walishuhudia. Sasa mtu mkubwa kiasi hicho akikaa chini, akatafuta kalamu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, basi kuna jambo.

Nikimaliza nitaipiga picha niiweke kwenye kundi letu la simu, na karatasi yenyewe nitaibandika ukutani kwa Mama Kulwa, pale tunapokunywa chai, ili kila aliyekuwepo siku ile aisome. Siku ipi, unaijua.

Nianze mbali kidogo. Ulikuwa na miaka sita. Mama yako, dada yangu, alikuwa bado hai, mnakaa Shinyanga, na mimi nimetoka machimboni na shati jipya. Nikakupakia kwenye baiskeli mpaka uwanja wa ndege wa Ibadakuli, tukaone ndege. Njia nzima nakwambia rubani ni rafiki yangu, tulichimba naye dhahabu duara moja, shimo moja, akiniona tu atapunga mkono. Tukasimama kwenye uzio mpaka miguu yako ikawa myeupe kwa vumbi. Ndege haikuja. Saa za ndege nilikuwa sizijui, nilikisia tu. Ukaniuliza, "Mjomba, mbona haiji?" Nikakujibu papo hapo, "Rubani amenipigia sasa hivi, ana malaria." Ukasema tumwombee. Tukamwombea, Kabula, tumeshika uzio, na tulipofika nyumbani ukamwambia mama yako amkorogee uji.

Ulipokuwa mtu mzima, unakaa kwangu, uliniambia, "Mjomba, yule rubani nilijua hayupo. Ila nilipenda unavyosimulia." Nikajidai sijasikia.

Ulikuja hapa Geita na cheti chako cha maabara, unasubiri kuitwa kazini. Ukanikuta nafanya forex, kununua na kuuza pauni kwa simu, kwa staili yangu: asubuhi, mchana, usiku, nikiwa nakula, nikiwa nimelala chini ya pampu ya mtu na spana mdomoni. Siku tatu ukanitazama tu. Siku ya nne ukaniuliza, "Mjomba, huwa unaingia sokoni saa ngapi?"

"Saa yoyote. Mwanaume hapangiwi saa na pauni."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukang'oa kalenda ya zamani ukutani, ukaigeuza nyuma, ukaanza kuchora. Ukaniambia Ulaya wakiwa wamelala, bei ya pauni kwa dola inazungukazunguka sehemu moja, juu kidogo, chini kidogo, kama ng'ombe waliofungiwa zizini. Ukapiga mstari pale bei ilipofika juu kabisa tangu saa tisa usiku, na mwingine pale iliposhuka chini kabisa. "Hili ndilo boksi, Mjomba. London wakifungua, saa tano asubuhi kwetu, ng'ombe wanatoka. Sisi kazi yetu ni kuangalia wametokea upande gani, tuwafuate huko."

Mimi nikasema vizuri, wakiruka tu uzio na mimi naruka. Hukubishana. Ulinigeuzia swali:

"Mkishalipua baruti kule chini, mnashuka saa hiyo hiyo?"

"Una wazimu wewe? Moshi utakuua. Unakaa juu mpaka moshi utoke."

"Basi na hapa kaa juu. Bei ikivunja mstari, subiri kile kijiti cha chati, kinachoonyesha mwendo wa bei wa dakika kumi na tano, kifunge nje ya boksi. Kuna siku inachungulia tu nje halafu inarudi ndani. Na ikifika saa saba mchana haijavunja popote, weka simu mfukoni, ukatengeneze pampu za watu."

Nimefundishwa na walimu wengi, wengine walinikimbiza na fimbo mpaka nikaishia darasa la sita. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwa kutumia moshi wangu mwenyewe.

Ukaenda sokoni ukanunua saa ya ukutani, ukaitundika kando ya ile yangu, ukabandika karatasi chini yake: LONDON. Yangu ikisoma saa tano, yako inasoma saa mbili, na ndio wenzetu wanafungua milango. Asubuhi zile zilikuwa tamu, mwanangu. Wewe jikoni unakoroga uji, mimi sebuleni natazama saa mbili kama askari wa lindo. Bei ikigusa mstari kidole changu kinaanza kuwasha, na wewe bila hata kuniona unaita, "Mjomba, moshi!" Nakiondoa kidole. Sijui ulikuwa unakiona na macho gani.

Na mimi nikafanya nini? Nikaenda kwa Mama Kulwa nikasema yale masaa nimeyagundua mwenyewe. Nikawaambia nikiwa chini ya ardhi, mita mia na zaidi, nilikuwa nasikia mwamba unatetemeka kila siku saa tano asubuhi, nikafanya utafiti, nikajua hao ni London wanafungua mageti. Watu wakaniita Mwalimu. Wakaanza kuingia na mimi, Masanja akiwa wa kwanza, kikombe mkono huu, simu mkono huu. Ulisikia yote. Ukatabasamu tu, kama kule kwenye uzio wa Ibadakuli.

Ikaja ile Jumatatu ya mwisho wa Machi. Tumekaa kwa Mama Kulwa, boksi ulishanichorea kwenye simu, ukafika unahema.

"Shikamoo, Mjomba. Wenzetu Ulaya jana wamesogeza saa. Leo London wanafungua saa nne yetu, si saa tano. Zimebaki dakika chache."

Ningekuuliza kwa nini, ungenieleza. Lakini walikuwepo watu. Nikaangua kicheko. "Wamesogeza saa? Na jua wamelisogeza? Mimi nimezaliwa Shinyanga, nimezeekea Geita, jua linatoka pale pale kila siku. Sijawahi kuona saa inahamishwa kama ng'ombe wakati wa kiangazi!"

Masanja akadakia, "Kabula, waambie basi watusogezee na chapati!" Wakacheka wote. Ukasema, "Haya, Mjomba," ukakaa pembeni.

Saa nne na robo kijiti kilifunga juu ya boksi, kisafi kabisa. Ulinionyesha. Nikageuza shingo. Saa tano kamili nikatoa amri, tukaingia jeshi zima, wakati bei imeshapanda, imechoka, inarudi nyumbani. Tuliumia wote mifukoni. Masanja akaniuliza, "Mwalimu, imekuwaje?" Hapo ndipo nilipofanya lile ninaloliandikia barua. Nilikunyooshea kidole. Nikasema, "Boksi la leo kachora huyu binti. Kakosea mistari."

Hukulia. Tulipofika nyumbani ndipo ukasema kwa upole, ukiwa unavua kandambili mlangoni: "Mjomba, ungesema tu hujui."

Wiki ile ile barua yako ya kazi ikatoka, umepangiwa Chato. Asubuhi ya safari nilikwambia siwezi kukusindikiza stendi, nina pampu ya haraka. Kabula, hapakuwa na pampu. Nilikaa karakana nafungua nati moja na kuifunga, naifungua, naifunga, mpaka nikajua basi limeshatoka.

Tangu hapo unaniandikia, "Shikamoo Mjomba, hujambo?" Nami najibu, "Marahaba, sijambo." Boksi hulitaji, na mimi silitaji, kama mtu wa nyumbani aliyefungwa jela. Lakini saa yako ipo. Wageni wakiniuliza mbona imechelewa, nawaambia imekufa betri. Uongo. Betri yake naibadilisha mwenyewe. Na saa nne nilianza kuifuata kesho yake tu baada ya wewe kuondoka. Kundi niliwaambia nimeoteshwa.

Sasa wasomaji wangu, Masanja, Mama Kulwa, na nyote mlioitika Mwalimu, Mwalimu: boksi la siku ile Kabula alilichora sawasawa. Masaa ni yake, zizi ni lake, hata moshi ni yeye aliyeutoa duarani akauweka kwenye chati. Aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwa sababu mlikuwa mnanitazama.

Wewe nisamehe, mayu. Sikuombi urudi, kazi ni kazi, watu wa Chato nao wanahitaji kupimwa malaria, hata wale marubani. Ila kukiwa na asubuhi moja umepumzika, nipigie. Si lazima tuongee mengi. Ita tu, "Mjomba, moshi!" Kidole changu bado kinawasha. Uji siku hizi najikorogea mwenyewe, una madonge, naunywa hivyo hivyo nikiangalia saa zetu mbili.

Nikuage basi. Ukikaa kula sato wa ziwani, kichwa kiweke pembeni, sema hicho cha Mjomba. Wabeja sana, asante kwa yote.

Limebaki moja, na ndilo lililonipa homa wiki nzima. Kwenye kundi wameandika kwamba Jumapili hii Ulaya wanabadili saa tena. Masanja kaniuliza mbele za wote, "Mwalimu, Jumatatu tunaanza saa ngapi?" Nikamjibu kwamba Mwalimu hatoi siri kabla ya siku yake. Jana nikapanda juu ya kiti, nikaishika saa yako kwa mikono miwili, nikakaa hapo mpaka shingo ikakakamaa. Machi uliisogeza mbele, hilo nakumbuka. Safari hii inarudi nyuma, au inakwenda mbele tena? Maana wakizidi kwenda mbele tu, si siku moja watafungua soko mimi bado nakoroma? Najua simu ingenijibu. Lakini jibu la simu silitaki. Nimeshuka kwenye kiti, saa nimeiacha kama ulivyoiacha.

Sijui, Kabula.

Ni mimi mjomba wako,
kaka wa mama yako.