Nailoni Juu ya Ndizi

Jumanne

Bado naiona ile nailoni ilivyonywea juu ya ndizi za moto. Mama Koku, anayepikia madereva pale Kagoma, ameacha kufunika sufuria kwa majani ya mgomba. Mimi ndiye bwana afya, nikamkaripia: hiyo ni sumu, inaingia kwenye chakula cha watu!

Alinionyesha ng'ambo ya barabara mpya, kilipokuwa kibanja chake cha migomba. Sasa ni maduka tu.

"Majani nikate wapi, mwanangu? Kwenye mabati?"

Nikamwamuru amwage. Akamwaga, sufuria nzima, madereva wakitazama.

Hapa kwangu Kagondo nimeng'oa migomba yote, nikamwaga zege. Leo tumekula ndizi. Sijathubutu kumwuliza mke wangu amefunikia nini.