Nyumba Iliyoegeshwa Ilford

Baba Zuwena,

Wewe barua zako zote ulizianza kwa kuuliza afya. Afya yako sasa haiulizwi, na yangu usiiulize. Nakuandikia nimekaa ndani ya gari letu, kwenye meza ile ya kukunja, upande wangu. Upande wako nimeweka mto ili pasikae mtu.

Alhamisi wamenitoa eda. Miezi minne na siku kumi imekwisha. Dada yako Mwanaisha alikuja kutoka Hounslow asubuhi na mapema, akaniogesha kwa Zuwena, akanivisha nguo mpya aliyoninunulia mwenyewe, kisha akanifukiza udi ukumbini mpaka king'ora cha moshi kikalia na mtoto wako akapanda juu ya kiti akikipepea kwa taulo. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukakohoa. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka. Nikawaambia nakwenda kuchukua miwani, nikaja huku, nikafunga mlango.

Hujui eda nilikaa wapi, basi nikwambie. Ulipofariki hatukuwa na nyumba. Tulikuwa tumeshamrudishia mwenye nyumba funguo zake, na mimi ndiye niliyekusukuma. Wewe ulitaka tungoje baridi ipungue. Mimi nikasema tukingoja hatutoki, tutazeeka tunatazama ramani. Tukagawa makochi, tukagawa kitanda, tukahamia kwenye gari moja kwa moja, tukaja kuegesha hapa Ilford, mbele ya nyumba ya mtoto wetu, siku chache tu, mpaka fundi amalize hita ya gesi. Tulilala humu siku kumi na moja.

Asubuhi ile ulisema kifua kinakubana. Nikakwambia ni baridi. Nikakupaka mafuta ya karafuu, nikakufunga shali, ukatoka kwenda kununua mpira wa maji wa kujazia tangi. Ulianguka dukani, kwenye foleni. Hospitali walinipa mfuko wenye nguo zako, saa yako, kofia yako, na huo mpira wa maji, mpya, umezungushwa vizuri ndani ya karatasi yake.

Kila siku naurudia mwendo huo. Kifua, karafuu, shali, mlango. Mara nyingine najiambia kwamba mtu yeyote angedhani ni baridi. Mara nyingi sijiambii. Mkono wangu ulikuwa kifuani pako, Baba Zuwena. Nilisugua, nikakuacha uende.

Siku ya pili ya msiba wanawake wakaanza kuulizana kizuka atakaa wapi. Mwanaisha akasema nikae kwake. Zuwena akasema chumba cha juu kipo. Mmoja akasema, nami namsikia, kwamba tangu azaliwe hajaona mjane anakaa eda garini. Nikaomba sheikh apigiwe simu. Alinisikiliza, kisha akauliza mwisho wewe na mimi tulikuwa tunalala wapi, tunapika wapi. Nikamwambia. "Basi nyumba yako ni hiyo, mama," akasema. "Ukishindwa na baridi ingia kwa mwanao, hapana lawama." Sikushindwa. Nilivaa soksi tatu tatu.

Zuwena aliona nimerukwa na akili. "Mama, it's a van," aliniambia huku machozi yanamtoka, kwa Kiingereza, kama kawaida yake akiwa na uchungu. Mtoto ana haki, gari ni gari. Lakini kile chumba chake cha juu wewe hukulala humo. Humu kofia yako ya pili bado imetundikwa kwenye ile skrubu uliyoikaza ukapitiliza mpaka ikatokeza nje, na mvua ikinyesha panadondoka. Naweka kikombe chini yake. Sikutaka fundi apaguse.

Basi nikakaa. Kuoga na kufua kwa Zuwena, mengine yote humu. Nimeswali humu, nimekunja meza, visigino vinagusa friji, naifuata ile dira uliyoigandisha kwenye dashibodi ili kila tutakapoegesha tujue kibla kiko wapi. Miezi minne kibla hakijahama. Kipo pale pale, kati ya sinki na mlango.

Watu wanasema safari yetu ilikuwa wazimu wa uzeeni. Wanadhani tuliamka siku moja tukanunua gari la kulala. Hawajui tuliipanga miaka miwili, kila Jumapili baada ya chakula, wewe na daftari lako, mimi na maneno yangu. Wewe ulikuwa umepakia mabegi ya watu uwanja wa ndege tangu Zuwena anatambaa. Mimi nilikuwa nimeogesha wazee wa watu majumbani mwao. Nchi yenyewe, hii Uingereza, tuliijua kwa majina ya vituo vya treni. "Tumekaa kisiwa cha watu miaka yote hii," ulisema, "na hatujakizunguka hata mara moja." Ukaona ni aibu kubwa, wewe mtu wa Pemba.

Unaikumbuka mizani? Ulisoma mahali kwamba gari likizidi uzito linasimamishwa njiani, basi ukatoa mizani ya bafuni ukaiweka ukumbini, na kila kitu kikapanda juu yake. Masufuria yakapanda. Blanketi zikapanda. Msahafu, wewe ukasema, huo haupimwi. Nilipoleta mbuzi yangu ya kukunia nazi ukashika kiuno. "Mama Zuwena, nazi siku hizi zinauzwa zimeshakunwa, ziko kwenye friza." Nikakwambia mbuzi yangu siiachi. Hukubisha. Ukaenda ukatoa viatu vyako vya mvua kwenye lile fungu, ukaitia mbuzi mahali pake. Iko chini ya kiti hapa nilipo, na sijaikalia hata siku moja.

Na mimi, kwa kuwa siendeshi, ukanipa kazi ya ramani. Ya karatasi, kubwa, maana ulisema simu inakupeleka lakini haikuonyeshi ulipopita. Kazi hiyo niliifanya mara moja tu, siku tuliyokwenda kulichukua gari kwa aliyetuuzia, kule Kent. Nikakwambia kata kulia, kumbe kushoto. Tukaishia kwenye njia ya shamba, mbele yetu geti, na ng'ombe wanatutazama. Ukazima injini, ukanigeukia. "Hiyo kulia ni ya nani, Mama Zuwena?" Tukala chapati pale pale na chai ya chupa, madirisha yakajaa mvuke, na hukunikasirikia hata kidogo. Mume wangu, safari yetu yote ni hiyo.

Sasa eda imekwisha na gari limerudi kuwa gari. Hilo sikulifikiria. Nilipokuwa kizuka hakuna aliyethubutu kunigusia habari ya kuliuza, maana ilikuwa nyumba yangu, sheikh ameshasema. Wengine walinihurumia, eti namaliza siku zangu kwa taabu. Mimi nilikuwa nazihesabu kwa hofu. Ijumaa, siku moja tu baada ya udi, Zuwena akanikalisha na kunieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwa heshima. Gari ni mirathi, lina wenyewe zaidi ya mimi. Sebule yake haijaona jua tangu baridi. Mimi siendeshi, na gari lisiloendeshwa linaoza. Nikamwambia alitangaze.

Jana walikuja mtu na mkewe, Waingereza, umri wetu. Wameacha kazi, wanataka kuizunguka nchi. Mume akapiga magoti kutazama chini ya gari, vile vile kama wewe. Akaniuliza limefika wapi na wapi. Nikamwambia limefika hapa. Mke akafungua makabati yangu moja moja, kisha akautoa mto akakaa upande wako, kujaribu. Ni watu wazuri. Walinipa pole. Nami niliwachukia jinsi ambavyo sijapata kumchukia mtu. Nilitaka kumwambia yule mama amwekee mumewe mkono kifuani na akisema kinabana asimwachie atoke. Nikamwonyesha jiko linavyowashwa. Wanakuja kulichukua Jumanne.

Mpira wa maji sikuwaonyesha. Dira nimeshaibandua, imeacha duara la gundi ambalo halitoki hata kwa maji ya moto.

Wewe sijawahi kukuficha kitu, basi nikwambie na hili. Sioni mbele. Wanasema nitazoea, na wanaosema hivyo jioni wanarudi kwa waume zao. Chumba cha juu kimeshatandikwa, shuka mpya, maua mezani. Dirisha lake linatazama hapa hapa. Likiondoka nitakuwa natazama matofali na alama ya mafuta. Naamka, naswali, nakunywa chai, na kufikia hapo siku imeshanishinda. Sina hata ugonjwa wa kusingizia. Nilikuwa na mpango mmoja wa maisha yaliyobaki, na mpango ule ulikuwa na dereva.

Na kaburi lako sijaliona. Siku ya maziko nilibaki na wanawake, kisha nikaingia eda. Zuwena anasema ni nje kidogo ya mji, pana nyasi na upepo mwingi, na jirani yako upande mmoja ni mzee wa Kisomali. Nimemwomba jambo moja, na sikuomba jingine tangu ufe. Kesho hana kazi. Kabla halijachukuliwa, anipeleke kwako na gari hili. "Mum, we can just take my car," akasema, yaani twende na gari lake. Nikamtazama. Akaenda kutafuta ufunguo.

Yeye atashika usukani na mimi nitakaa mahali pangu, kushoto, ramani mapajani. Simu nimemwambia aizime. Alitaka kubisha, kisha akanibusu kichwani kama mimi ndiye mtoto. Nimeinamia ramani tangu baada ya Adhuhuri, na pale ulipo nimepazungushia ile kalamu yako ya kijani, uliyokuwa ukiwekea misikiti alama.

Kwa hiyo nakuaga, Baba Zuwena. Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipolazwa, kwa kuwa mimi nilikulaza pembamba na penye baridi. Nisamehe karafuu. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa sawa, wala kwamba nitaipenda nchi hii bila wewe, wala kwamba nitamaliza mwaka. Nakuahidi ya kesho tu. Nitakuletea nyumba yako mpaka getini, na safari hii sikosei njia. Tukitoka barabara kubwa tunapita kanisa, tunapita shule, raundabauti ya pili, halafu kona ya mwisho. Ni ya kushoto. Nimeitazama mara tatu, na mkono wangu wa kushoto nimeutia alama ya kalamu.

Mkeo,
Mama Zuwena