Mbao ya Chini

3 Machi

Mdogo wangu wa mwisho, mwenye grisi mpaka masikioni,

Hujambo? Baba hajambo? Goti lake linasemaje siku hizi? Mimi usiniulize, afya yangu inatisha. Nikipiga chafya majirani wanafunga madirisha.

Sasa kaa chini nikuambie. Kaka yako ana bahati ya kuogopwa. Darasa la sita sikumaliza, wewe shahidi, lakini hapa kiwandani wamenifanya mkuu wa mafundi wa paa! Watu ishirini na wawili, wengine wana vyeti vya kutosha kufunika kitanda, na wote wakiniona wanavua kofia. Kenchi haipandi ukutani mpaka niiguse niseme, "Hii sawa."

Nimesikia umemaliza kuta za gereji yako. Hongera. Usimwite fundi yeyote. Kenchi za paa utatengeneza mwenyewe hapohapo sakafuni. Chora kwa chaki umbo zima: mbao mbili za mteremko zikutane kileleni, mbao ya chini ilale kutoka ukuta hadi ukuta, na vijiti vya katikati. Kata kenchi ya kwanza, ilaze juu ya mchoro, pigilia. Saba zilizobaki zifuate hiyohiyo. Ukikwama, niandikie mimi.

Baba usimsumbue. Miaka arobaini anapiga randa vitanda na milango. Mpe kiti, mpe chai, atazame watoto wake wakifanya kazi.

Kaka yako,
Mkuu wa Mafundi

22 Machi

Kaka, shikamoo.

Sisi ni wazima. Goti la Baba linatabiri mvua kuliko redio. Wewe na ukuu wako hamjambo?

Kenchi ya kwanza imelala sakafuni, nzuri hadi mwenye lori la mchanga kaniomba nimtengenezee na yeye. Ila kuna jambo. Mbao ya chini inapita palepale ninapotaka kunyanyulia injini. Nikivuta mnyororo, injini ya lori itaigonga kabla haijatoka kwenye boneti. Kuta siwezi kuziongeza, tofali zimekwisha. Nataka kuikata hiyo mbao ya chini kwenye kenchi nne za katikati.

Baba kasema, "Usikate." Nikamuuliza kwa nini. Akachukua mikono yangu, akaisimamisha mezani, ncha za vidole zikigusana kama paa, akabonyeza juu. Mikono ikateleza, mmoja huku, mmoja kule. "Mbao ya chini ndiyo inayowashika hawa wawili," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Mimi namsikiliza mkuu wa mafundi. Nikate au nisikate? Nipe neno moja.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu, salamu tele, nami naendelea kunenepa.

Kata! Neno moja uliloomba ndilo hilo, haya mengine ni nyongeza. Huku tunakata kila wiki. Mbao ya chini ni ya mafundi waoga. Wewe ongeza misumari ya inchi tano kileleni na hilo paa litawazika wajukuu zako.

Ati mikono mezani! Mwambie Baba paa halifundishwi kwa michezo ya chekechea. Kisha mwulize lile kabati la marehemu Mama, lililobomoka na sahani zote ndani, lilitengenezwa na nani? Mwulize watu wakiwepo. Nimecheka mpaka nimekohoa.

Kaka yako,
Mkuu bado

25 Aprili

Kaka, shikamoo, na habari za siku nyingi.

Tuko salama, isipokuwa Baba hasemi sana.

Nilikata. Kenchi nane ziko juu, bati ziko juu, na injini ya kwanza imenyanyuka bila kugusa kitu. Ningekuwa na mkia ningeutikisa.

Baba nilimwuliza ile ya kabati, wateja wakiwepo kama ulivyosema. Walicheka, nami nikacheka. Yeye akatazama mikono yake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nakuta kwenye mchoro wangu wa sakafuni ameirudishia mbao ya chini kwa mkaa. Mstari mmoja, umenyooka. Naufuta kwa tambara la mafuta ya taa, kesho yake upo. Juzi nikamwambia, "Mzee, ukichora tena nafunga mlango, huingii humu." Akasema, "Sawa, mama."

Ila kaka, ukuta wa upande wa barabara umepata ufa kule juu, kidole kinaingia. Nikiutazama kwa pembeni naona umetoka nje kama tumbo la mtu aliyeshiba. Hii ni kawaida? Mvua zinakuja. Nijibu haraka.

Mdogo wako

2 Juni

Shikamoo yako ninayo hapa. Siitoi.

Nilingoja jibu zaidi ya wiki tatu. Asubuhi ya tarehe kumi na tisa mvua ilikuwa inanyesha. Nilifunga mlango, kama nilivyomwahidi, nikaenda kuchukua vipuri. Baba aliingia kwa dirishani. Na goti lile. Alikuwa na mbao moja na nyundo yangu. Majirani walisikia nyundo, halafu wakasikia bati.

Tulimtoa saa kumi jioni. Mbao yake ilikuwa imepigiliwa upande mmoja, misumari mitatu. Upande wa pili alikuwa hajaufikia. Misumari yake ilikuwa bado mdomoni.

Tulipoondoa tofali sakafuni tukakuta mstari wa mkaa. Nadhani aliuchora kwanza.

Tumemzika. Ulipelekewa habari. Sikuulizi kwa nini hukuja. Nakuuliza moja, nawe nijibu kwa neno moja, kama siku ile: ulijua?

Binti yake

20 Juni

Mdogo wangu,

Nilijua.

Siyo siku niliyokuandikia "kata." Siku hiyo sikujua kitu. Niliandika kwa sababu uliniita mkuu. Siku nne baadaye nilimchorea fundi mmoja hapa, kwenye vumbi, nikamwuliza kama vile natania. Hakucheka. Alinishika mikono miwili akaisimamisha vilevile alivyofanya Baba, akabonyeza. Kisha akasema, "Kama kuna mtu amefanya hivi, mwambie atoke humo leo."

Nilinunua stempu jioni ileile. Nikaandika, "Usikate, na kama umekata, rudishia." Halafu akilini nikakuona ukimsomea Baba, naye akisimamisha mikono yake mezani. Nikaandika upya, nikajifanya ati huku tumebadili utaratibu. Nikachana. Nilichana sita. Barua yako ya ufa ilinikuta stempu iko mfukoni. Niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro, nikajiambia yule fundi ni mwoga tu. Stempu yenyewe ndiyo hii niliyoibandika kwenye bahasha uliyoipasua.

Kabati la Mama lilibomoka kwa sababu mimi nilikuwa nalipanda kuiba sukari. Baba alinikuta juu yake. Mama alipouliza, akasema ni kazi yake mbovu. Nami hiyo ndiyo niliyokupa umpige nayo.

Sikuombi unisamehe, na sitakuja kaburini nikusumbue na machozi yangu. Lakini ulitaka neno, na umebaki peke yako wa kuniandikia, kwa hiyo chukua na haya. Hakuna watu ishirini na wawili. Hakuna anayenivulia kofia. Bahati sijawahi kuwa nayo. Nafagia vumbi la mbao chini ya kenchi za wenzangu, na msumari wa paa sijawahi kupigilia hata mmoja.

Kaka yako