Ukifika Mombo, Usipande

Ilala, Dar es Salaam
Alhamisi jioni

Mama Naomi, mke wangu,

Barua ya adabu huanza kwa kusema mimi mzima, hofu yangu ni kwenu. Haya, mwili wangu mzima, unakula na unafanya kazi. Yaliyobaki ndiyo hayo nakuandikia. Mama anaendeleaje na kifua chake kwenye ukungu huo? Na Yona ameacha kukohoa? Habari za Naomi usiniandikie, nitamwona mwenyewe Mungu akipenda.

Barua yako nimeipata jana kiwandani. Umeandika: "Umepata nyumba, hujapata nyumba, Jumamosi tunateremka. Nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai." Mke wangu, maneno hayo uliyatoa wapi? Niliyasoma mbele ya wenzangu nikajifanya nacheka, halafu nikaenda nyuma ya ghala nikalia kama mtoto. Maana ni kweli tupu. Na nyumba sijapata.

Usiseme sikutafuta. Tangu jina la Naomi likosekane kwenye orodha ya waliochaguliwa kuingia darasa la tano huko, sijapumzika Jumapili hata moja baada ya kanisa. Kila mtaa nimeuliza mambo mawili tu: kuna shule nzuri, na mtu anawahi kazini? Kariakoo shule ipo, ukitoka mlangoni unaisikia kengele, lakini chumba ni cha kulala mguu wa huyu kwenye kichwa cha yule. Temeke ni karibu na kiwanda changu, ila mwalimu aliniambia watoto wanakaa chini na wengine dirishani. Magomeni ndiko penye shule ninayoitaka. Huko wenye nyumba wananitazama, wananiuliza, "Watoto wangapi?" Nikisema wanne, na mama yao, na mimi, wanasema chumba kimeshachukuliwa. Mmoja hakuficha: "Baba, choo changu kina miaka mingi. Usinijazie."

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uje ushangae.

Nje kabisa ya mji, barabara ya Morogoro, kuna kilima. Siku ya kwanza niliyopanda pale upepo ulinipiga usoni nikasema hapa ndipo, hapa si nyikani kwenye joto. Udongo mwekundu! Mji wote uko chini unavukuta, wewe uko juu unapumua. Mzee mmoja mwenyeji, Mzee Salum, akanipa kipande cha ardhi nilime na kujenga. Na shule ipo, mke wangu, ya bati, ina bendera, watoto wanaimba mbili mara mbili, mbili mara tatu, unawasikia hadi barabarani. Nikasema nini tena? Nikasimamisha miti, nikakandika udongo, nikachimba matuta. Matuta! Yale yale ambayo baba zetu walimgomea Mwingereza alipowalazimisha kuyachimba, mimi nimeyachimba kwa hiari yangu nikiimba. Nikapanda maharage. Mlango nikauelekeza mashariki upate jua la asubuhi, ukae hapo unachambua mboga.

Nilichagua kwa macho ya Mshambaa. Sisi mtu akiona mlima na udongo mwekundu anajua amefika. Hatuulizi zaidi.

Kwanza kazi ikanishinda. Basi la alfajiri likija limejaa, lisipokuja unatembea. Nimechelewa, nikachelewa tena, na msimamizi amenipa onyo la maandishi. Nikichelewa mara nyingine, nafukuzwa. Hilo nikasema nitalivumilia, nitatembea usiku ikibidi, ili mradi Naomi asome. Juzi nikaenda kwa mwalimu wa pale kumwandikisha. Nikamwambia namleta mtoto wa darasa la tano. Akaniangalia kwa huruma.

"La tano? Hapa tunaishia la nne, ndugu."

Nilidhani ananitania. Dar es Salaam hii, shule ya kuishia la nne, kama ya kwetu Mlola? Nikamrudia Mzee Salum na hasira zangu zote. Akaniuliza taratibu, "Wewe uliuliza?" Sikuuliza. Niliona bati na bendera nikadhani kila shule ya mjini inafika juu. Nimewajengea nyumba kwenye kilima kisicho na darasa la mwanangu, na mimi mwenyewe nikilala huko kazi inaniponyoka. Nimefunga mlango kwa kamba nikarudi huku Ilala, kwenye chumba chetu cha wanaume wanne. Hapa hata kitambaa cha kuning'iniza ili mke wa mtu avae nguo hakina pa kufungwa.

Jana baada ya barua yako nikaenda tena Magomeni, hivi hivi nilivyo, na vumbi la pamba kichwani. Mwalimu mkuu ni mama mmoja mtu wa Masasi, mkali. Nadhani alichoka kuniona. Akasema, "Nafasi imepatikana moja. Mtoto wa mtumishi kahamia Mbeya. Nitakushikia hadi Jumatatu. Namtaka mtoto mwenyewe mbele yangu, barua ya uhamisho, na barua ya balozi wa nyumba kumi kwamba anaishi mtaa huu. Jumanne nampa mwingine."

Balozi naye akasema hawezi kuandika uongo. Mtoto anaishi wapi? Aliyenijibia ni mjane mmoja aliyekuwa anakaanga vitumbua pale barabarani, anaitwa Bi Tatu, nyumba ya tatu kutoka shuleni. Akasema, "Nina mjukuu wa rika lake, kitanda kimoja wanatosha. Mtoto mmoja nitakulelea kama wangu. Familia, baba, sina pa kuiweka, nisikudanganye." Mambo ya dini usihofu. Amesema Jumapili atamwamsha mwenyewe aende kanisani, na mimi nitakuwa namfuata. Jioni nikitoka kazini nitavuka Jangwani kwa miguu kumwangalia, kila siku, hata mvua inyeshe.

Mke wangu, unaona ninakoelekea. Nimeogopa kulisema tangu mstari wa kwanza.

Najua dada Eliwaza umeshamwachia shamba la maharage. Najua umewaaga watu kanisani na kina mama wamekuimbia. Najua watakavyosema wakikuona unafungua mizigo. Na kaka yako, aliyesema Naomi kasoma inatosha ajifunze kupalilia, atacheka. Mimi sitakuwepo kuyapokea maneno hayo pamoja nawe. Naona haya, na nina hasira na kilima kile, na nafsi yangu. Ninavyokutamani hata kuandika siwezi, barua hii anaibeba mtu. Lakini mkija wote Jumamosi, nitawaweka wapi? Mtalala stendi. Na Jumatatu mwalimu atauliza mtoto anaishi wapi.

Barua nampa Mghosi Shemboza, dereva wa lori la mbao za Shume. Anaondoka alfajiri, na ameniahidi kufika Mlola kwanza akukabidhi mkononi. Mpe chai.

Mama yangu mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili, umwambie asinililie. Mwalimu wa Naomi msalimie, mwombe barua ya uhamisho Ijumaa hiyo hiyo, hata kama yuko shambani. Dada Eliwaza mwambie nimempigia magoti, akurudishie shamba. Kaka yako naye msalimie, shemeji ni shemeji. Yona na wadogo zake wabusu, waambie baba anatafuta chumba na hajaacha kutafuta.

Sasa sikiliza. Jumamosi teremka na Naomi tu. Ukifika Mombo, usipande. Mpandishe yeye basi la huku Dar, umkabidhi kwa dereva, mwambie baba yake atakuwa amesimama stendi tangu mchana. Mfungie viazi vya kuchemsha na sweta lake, hata kama huku ni joto, alale nalo. Mwambie asome. Kisha ugeuke uondoke kabla basi halijawashwa, Mama Naomi. Usisubiri kumpungia mkono. Nakujua: likianza kutembea, utapanda.

Ni mimi mumeo, niliye hai,
Yosia, Baba Naomi