Mkono wa Sidi kwenye Kadi

Jumapili, 8 Oktoba 1944

Barua ya Ngowa naiandika humu daftarini kwanza. Nikishaipata sawa ndipo nitaihamishia kwenye kadi. Karatasi ngumu ni haba na vita hivi, sitaki kuharibu.

"Kwa mwanangu mpenzi Ngowa wa Nguma, huko uliko vitani. Nakuletea salamu nyingi zisizo na hesabu. Baba yako hajambo, yuko kazini bandarini kama kawaida, goti tu ndilo linamsumbua. Mimi mama yako sijambo. Shangazi yako Dhahabu wa Rabai hajambo yeye na wanawe wote. Bi Mwanatatu wa Jomvu Kuu akusalimu sana, asema kofia yako iko tayari. Mwalimu Tsofa hajambo na mkewe. Mkeo Kanze hajambo. Mwanao Sidi —"

Hapo nimekwama. Tangu tutoke kanisani mpaka sasa jua la utosi. Mkono hauendi.

Sidi tumemzika Septemba, tarehe ishirini na moja. Degedege. Siku mbili tu! Mwaka mmoja na miezi saba, alikuwa ameshajua kuniita "Hawe" — bibi. Baba yake hakumwona hata siku moja. Alipochukuliwa jeshini Kanze alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Nimefunga daftari. Nitajaribu kesho.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikuweza.

Jumatano, 11 Oktoba

Barua imefika! Mwalimu Tsofa kaileta mwenyewe kutoka posta. Nikafurahi — halafu nikaona si mwandiko wa Ngowa. Ni wa Randu, mwenzake wa kikosi kimoja, kijana wa Kaloleni.

Nimesoma kwa kidole, neno kwa neno. Ngowa amepigwa risasi ya tumbo. Yuko hospitali, huko India, Randu pamoja naye. Amekonda, homa haimtoki. Randu anasema kila asubuhi Ngowa anazitoa zile kadi zangu tatu anazipanga kifuani, anauliza ya nne imefika? Daktari amekataza asipewe habari nzito. "Mama, kama kuna baya lolote nyumbani, nakuomba ulifiche kwanza, mpaka apate nguvu."

Ee Mungu wangu. Randu angejua anachoniomba!

Zile kadi tatu ni za mkono wa Sidi. Ngowa aliomba picha ya mtoto, na kwa mpiga picha kule mjini kisiwani hatukuwahi kufika. Basi nikampaka Sidi buluu ya kufulia kiganjani, nikamgandamiza kwenye kadi, mkono wa kulia. Mara ya kwanza ana miezi minne. Mara ya pili mwaka. Mara ya tatu Juni hii, akaniponyoka akaja kunipaka pua. Kanze alicheka mpaka akakaa chini. Ngowa anamjua mwanawe kwa mkono tu. Hana kingine.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimesema na Baba Ngowa. Yeye hana maneno mengi. Kasema mtu aliyepasuliwa tumbo humwambii mwanawe amekufa, utammaliza. Nikamwambia sawa, lakini kadi ikienda bila mkono si atajua? Akatoka. Karudi saa kumi, ana kisigino cha buti kuukuu la jeshi, mpira mzima, mweusi, laini. Kakiweka mezani.

"Mama Ngowa, si wewe hukata mihuri ya maua? Kata wa mkono."

Chai yake niliimimina nusu kikombe, nusu mezani.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo nimetengeneza rangi tu. Kisigino nimekiacha palepale mezani.

Manjano nimeyatwanga, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa mara mbili. Yapoe kwanza! Ukipaka ya moto karatasi inajikunja. Mimi kadi naitazama kama leso: ina mji wa katikati na ina pindo kandokando. Mji nimeupaka manjano kwa kishungi cha usufi, kwa kugusagusa, si kwa kuburura. Kuburura kunaacha michirizi. Nimezidisha pembeni, nikapunguza kati, kati pabaki peupepeupe pa kukaa mkono. Kwenye pindo nimechora mistari kwa kipande cha mshumaa, kisha nikapitisha buluu ya kufulia. Buluu haishiki penye nta — mistari inatoka myeupe yenyewe. Mwisho maji ya majivu. Nachovya mswaki wa mti, napitisha kidole, matone yanarukia kwenye manjano, na kila tone linageuka jekundu. Hayo alinifunza Bi Mwanatatu. Yeye hupiga mihuri ya maua kwenye kofia kabla ya kuzishona, na mwaka juzi ndiye aliyeniingiza katika kazi hii, nilipotaka kadi za Krismasi za kanisa.

Ni kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Naona haya kusema hivyo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeukata.

Ile karatasi niliyojaribia mkono wa Sidi Juni nilikuwa nimeiweka ndani ya Biblia. Nimeibandika juu ya mpira kwa gundi ya mkanju, mti wa korosho, nikafuata kwa wembe. Kidole kwa kidole. Ile mikunjo midogo kwenye viungo. Kidole chake cha mwisho kilipinda kidogo kwa ndani, kama cha Ngowa. Nimekipindisha.

Nilipiga muhuri kwenye gazeti kwanza. Ukatoka.

Nikaenda nje nikakaa nyuma ya jiko.

Jumanne, 17 Oktoba

Leo ni siku mbaya. Nilipiga kadi mbili, moja ya kutuma, moja ya akiba, nikazibana kwenye kamba zikauke. Kanze karudi kisimani mapema. Tangu msiba, binti huyu hasemi, anateka maji, anatwanga, analala. Leo kasimama mbele ya kamba na ndoo bado iko kichwani.

"Mama, huu mkono wa nani?"

Nikasema ni kwa ajili ya Ngowa, ni mgonjwa, daktari kakataza —

"Nimeuliza mkono wa nani."

"Wa Sidi, mwanangu."

"Wa Sidi mimi nimeuosha, nikaufunga kwa sanda. Niliuacha kule chini. Huu umeutoa wapi?"

Ndoo akaitua polepole, hata tone halikumwagika. Kisha akapiga kelele ambayo siku ya mazishi hakuipiga. Majirani wakaja. Niwaambie nini? Nimewaambia ni uchungu tu umemrudia. Si uongo.

Baadaye kasema neno moja tu, akinipa mgongo: "Ngowa ni baba yake. Ana haki ya kulia na yeye."

Ni kweli. Lakini Kanze hajazaa mtoto akamlea mpaka akapigwa risasi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimetuma. Nimeandika: "Mwanao Sidi akusalimu." Sikuandika hajambo. Nikajiona mwenye akili. Nikatoka posta nikaona aibu.

Jumapili, 22 Oktoba

Wakati wa Meza ya Bwana sikuinuka. Mke wa Mwalimu Tsofa akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumapili, 29 Oktoba

Nilikwenda Jomvu Kuu kwa Bi Mwanatatu. Nilichukua ile kadi ya akiba. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie sikukosa. Shikamoo, marahaba, kahawa, kashata. Nikaitoa.

Kaitazama rangi kwanza. Akaniita kwa jina langu, akanitania: "Kahaso, hii pindo yashinda zangu! Wataka kuniondoa kazini, we Mnyika wa bara?" Halafu akaisogeza karibu na uso. Kicheko kikaisha.

"Mwanangu, mato yako yaona? Huu ni mkono wa kushoto."

Nikasema hapana, wa kulia, nimeufuata kwenye karatasi yenyewe.

"Umeibandika karatasi uso juu. Muhuri ukipigwa wageuka. Hukatwa kinyume, sikukufunza?"

"Ulinifunza maua, Bi."

"Ah. Ua halina kulia wala kushoto." Akanishika goti. "Wallahi kosa ni langu."

Mkono wa kushoto! Mtoto wa kwetu anampa baba yake mkono wa kushoto, na baba mwenyewe yuko kitandani, kati ya kufa na kupona! Hata chumvi hatupeani kwa kushoto. Ataona nini yule? Atasema nimemtumia uchuro.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga viganja hewani kama mwendawazimu. Kulia. Kushoto. Kulia.

Jumamosi, 4 Novemba

Kanze kaenda kwao Ribe. Kaaga vizuri, kapiga goti. Hakusema atarudi lini. Nguo za Sidi kachukua zote.

Jumatano, 22 Novemba

Hakuna barua.

Jumapili, 10 Desemba

Hakuna. Kanisani wameniagiza kadi za Krismasi kama mwaka jana. Nimefanya kumi na mbili. Nyota na mnazi, buluu tupu. Manjano sikuyagusa.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Kanze amerudi! Karudi peke yake kwa miguu, na kuku mmoja. Kaingia jikoni kashika kinu. Baba Ngowa akamwambia karibu nyumbani, mwanangu. Akaitika abee, baba. Tumekula watu watatu kwenye sinia la watu sita.

Jumapili, 14 Januari 1945

Nimeota Ngowa kanyosha mkono anisalimu, na mimi sina wa kumpa. Hakuna barua.

Jumanne, 30 Januari

Imefika! Mwandiko wake mwenyewe! Herufi zinalala kama zimelewa lakini ni zake, zake! Nimeimba. Baba Ngowa kanipokonya akaitazama juu chini, naye hajui kusoma, halafu akanirudishia kwa adabu. Nikawasomea wote wawili, Kanze kasimama mlangoni.

Anasema homa imekwisha. Anatembea kwa fimbo mpaka dirishani na kurudi. Kadi ilimkuta hajui usiku wala mchana, na Randu ndiye aliyemwekea kifuani. Anasema wenzake wodi nzima wameisifu, wakamuuliza mama yako amesomea wapi rangi? (Mimi!) Kisha:

"Naona safari hii mmempiga mkono wa kushoto. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Ameshakuwa mjeuri, sivyo? Nilimjibu kwa kushoto vilevile."

Nikashusha pumzi zote zilizokuwa ndani yangu tangu Oktoba. Nilicheka, naapa nilicheka. Nikaendelea kusoma bila kuangalia mbele.

"Lakini mama, kuna jambo halinipi raha. Nimeulaza huu mkono juu ya ule wa Juni, kadi mgongo kwa mgongo, nikaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Mikono imelingana. Kidole kwa kidole, hata unywele haujazidi. Miezi minne mtoto hajakua? Anakula? Kanze ana maziwa? Usinifiche, mama. Randu anasema wengine huchelewa kisha wakaruka, lakini Randu hana mtoto. Daktari amesema huenda nikarudishwa nyumbani mwezi wa sita au wa saba. Nitumie mkono mwingine, tafadhali, nitumie yote miwili. Jibu upesi, mama, upesi sana, hata kama ni neno moja."

Baba Ngowa akainuka akatoka. Kanze hakutoka.

Jumatano, 31 Januari

Baba Ngowa asema sasa ana nguvu, mwambie. Yeye huyo aliyeniletea kisigino! Nikamwambia andika wewe. Akaniangalia. Nikajuta — hajui kuandika, nami najua hajui.

Nimwambieje? Kwamba mkono alioujibu kwa kushoto ni wa kisigino cha buti? Kwamba alichekea mpira? Nikimwambia mtoto amekufa, nimemuua. Nikimwambia na la kadi, hata mama hatakuwa naye.

Na nisipomwambia, mwezi wa sita atakuja mwenyewe, na fimbo yake, atafungua mlango.

Nimetwanga manjano. Sijui kwa nini. Yamo bakulini, yanapoa.

Alhamisi, 1 Februari

Asubuhi. Nimekaa mezani, kadi nyeupe mbele yangu. Nimeandika "Kwa mwanangu mpenzi" na hakuna zaidi.

Kanze ameingia. Akaniomba nimsomee tena pale pa maziwa. Nikasoma. Akaniomba tena. Nikasoma.

Akaketi. Hajaketi meza hii tangu Septemba. Akachukua gazeti, akachukua kipande cha mkaa, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya gazeti, akakitazama muda. Kisha akakiondoa na kuanza kuchora pale kilipokuwa — mkono mdogo, ndani ya ule wake. Polepole. Anafuta kwa kidole gumba, anachora upya. Vidole amevirefusha kidogo. Kiganja amekipunguza unono.

"Sasa hivi angekuwa hivi," amesema. "Huu wa kulia."

Sijui kama anataka niukate au anataka tu kuuona. Wembe uko karibu na kiwiko chake. Natamani kuuondoa, natamani kuuchukua.

Sasa amegeuza gazeti upande wa pili. Mkaa bado anao. Ananiuliza mimi, kama mtu anayeuliza kipimo cha nguo ya kushona:

"Na mwezi wa sita, mama? Akifika baba yake, mkono wa Sidi utakuwa umefikia wapi?"