Macho ya Pembe Ndogo

Karakana ya Vibao,
Alhamisi asubuhi.

Kwako Dada mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu. Natumaini kile kifua kimetulia na umeacha ubishi wako wa kulala dirisha likiwa wazi. Sisi huku miili haina neno. Mama anasema soksi ulizomtumia zimemkaa vizuri, ila moja baba ameiteka, anafutia miwani. Mimi bado ni mimi, rangi kwenye kucha hadi kwenye uji. Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Unanijua, dada. Kwenye simu nikibanwa naanza utani, nawe ukishacheka najihesabu nimesamehewa kabla sijataja kosa. Ndiyo maana nimekaa chini nikaandika, na dereva wa basi la asubuhi ameahidi kukukabidhi mkononi. Isome yote kabla hujamwambia shemeji neno lolote.

Ni habari ya yule Mwalimu wa kanisani. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba amekuja na hila ya kumng'oa baba kwenye uenyekiti wa wazee wa kanisa, na wewe, kwa uchungu wa mtoto kwa babaye, ukamwandikia katibu kutaka afukuzwe. Barua yako ilifika. Katibu ameiweka kwenye faili pamoja na karatasi niliyotia sahihi mimi, na zote mbili zitasomwa Jumapili hii mbele ya washirika wote. Zikishasomwa, Mwalimu hana pa kusimama tena, si hapa wala kanisa lingine litakalouliza habari zake. Kwa hiyo nakusimulia jambo lenyewe lilivyokwenda, tangu mwanzo.

Mwalimu alipofika alikuja mwenyewe karakanani. Akasema anataka kufundisha maono ya Danieli, wale wanyama wanne waliotoka baharini, na kwamba watu husikia habari za wanyama wale wakatoka na usingizi tu, kwa hiyo anataka wawaone. Akaniomba nimchoree kwenye turubai, kila mnyama na pande lake, amfunue mmoja kila Jumapili alasiri. Nilimtazama nikaguna moyoni. Unakumbuka kanisa lilipotaka kibao kipya cha mlangoni, baba alivyompa kazi mchoraji wa mtaa wa pili, akasema mbele ya wazee wote kwamba kibao cha kanisa si kibao cha kinyozi. Miaka sita imepita na maneno yale bado nayatafuna. Sasa huyu mgeni anatoka huko atokako ananipa mimi kazi ya kanisa, bila hata kuuliza bei mara mbili? Nikajiambia, hapana, huyu ana lake jambo.

Hata hivyo nikachora. Simba nilimpa mabawa ya tai, nikamnyoosha, akatoka mnyama wa kuheshimika. Jumapili ya kwanza Mwalimu alieleza vizuri sana. Alisema malaika mwenyewe ndiye aliyemfasiria Danieli kwamba wale wanyama ni wafalme, na kwamba wengi humsoma simba kuwa ufalme wa Babeli. Akaonya, na hili nalikumbuka neno kwa neno, kwamba mtu asitoke pale akaanza kumtafuta mnyama katika nyumba ya jirani. Watu wakaitikia amina. Mimi nikakaa nyuma nawaza kwamba mtu hakatazi jambo ambalo halijamo kichwani mwake.

Jumapili ya pili ikaja zamu ya dubu. Maandiko yanasema aliinuliwa upande mmoja, na kinywani ana mbavu tatu. Sasa dada, baba tangu aanguke ngazini nyonga yake ile unaijua: akisimama, bega la kulia liko juu, la kushoto liko chini. Turubai lilipofunuliwa, dubu amesimama bega la kulia juu, kanisa zima likashikwa na kikohozi. Na zile mbavu tatu? Haikupita hata nusu saa, kule bombani watu wakawa wanahesabu walimu walioondoka tangu baba awe mwenyekiti, na wallahi walikuwa watatu. Mpiga kinanda, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, alikuwa anahesabu kwa vidole. Jioni baba aliniuliza mezani ni nani aliyesema dubu asimame vile. Nikamjibu kwamba mimi ni mkono tu, kichwa ni cha Mwalimu. Baba akaendelea kula.

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi. Nilimwona Mwalimu akizungumza na katibu uani, wakanyamaza nilipopita. Nilimsikia akimuuliza mama ni miaka mingapi baba ameongoza. Mara nyingine nilimkuta anamsaidia baba kushuka zile ngazi tatu za kanisa, amemshika kiwiko, na hata hilo nikaliona baya, nikasema anaipima nyonga. Nikaenda kwa katibu, nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda kwa mpiga kinanda, nako kulitosha kuwafikia wengine wote. Kisha nikakuandikia wewe. Nilijisikia mtoto mwema, dada, nakwambia kweli. Nilitembea kifua mbele kama aliyeteuliwa kuilinda nyumba.

Jumapili ya tatu alikuwa chui mwenye vichwa vinne na mabawa manne. Mwalimu alieleza habari za Wayunani na mfalme wao aliyekimbia kwa kasi, na ufalme uliogawanyika alipokufa. Nadhani hakuna aliyesikia. Watu walikuwa wanakitafuta kichwa cha baba katika vile vinne. Hawakukiona, na nyuso zao zilisinyaa kama walionyimwa haki yao.

Kisha ikafika ya nne. Mnyama wa kutisha, meno ya chuma, pembe kumi, na katikati yake ile pembe ndogo yenye macho ya mwanadamu na kinywa kinachonena makuu. Mwalimu aliposhusha pazia, mpiga kinanda akasema kwa sauti, jamani, si mzee wetu huyu! Na kweli, Dada, macho yalikuwa ya baba. Jicho la kulia kali, la kushoto kope limeshuka nusu, lile lile lililokuwa linatutoa jasho tukichelewa kurudi. Walicheka watu wazima. Alicheka hata fundi bomba ambaye baba alimsimamia ndoa yake. Baba akainuka. Alikwenda mbele polepole na nyonga yake ile, akaweka funguo za kanisa juu ya meza mbele ya katibu, akatoka. Mama akamfuata na mikoba yote miwili. Hajakanyaga kanisani tena, na asubuhi anakaa kitandani hadi jua linapofika ukutani, yeye aliyekuwa anatuamsha sisi.

Wazee wakakutana siku ya pili yake. Katibu aliniuliza ni nani aliyeagiza macho yale. Nikasema Mwalimu. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi. Sikuhema hata mara mbili.

Baada ya siku mbili Mwalimu akaja karakanani. Nikaiweka nyundo karibu, maana nilidhani amekuja kugombana. Kumbe alikuwa ameniletea turubai la yule mnyama wa nne, amelikunja vizuri na kulifunga kwa kamba. Akasema ameisikia karatasi yangu na hatabishana nayo mbele za watu. Akasema yeye ndiye aliyemchagua mchoraji, somo lilikuwa lake, na kazi ikiharibika mikononi mwa fundi wako ni juu yako uliyempa. Akaniuliza tu kama baba anakula. Alipoondoka nilifunga mlango nikasema, mh, mtu mwema hivi ni wa kuogopwa, huyu ananitegea. Ona nilipokuwa nimefika.

Sasa nikwambie ninalokwambia. Vuta kiti ukae.

Mwalimu hakuagiza macho. Nilimuuliza niweke macho ya nani, akacheka, akasema ya mwanadamu yeyote, mradi asiwe yeye. Hata dubu, yeye alinisomea tu kwamba aliinuliwa upande mmoja. Upande niliuchagua mimi. Na macho, dada, kuna siri ya kazi yangu ambayo hujui. Mimi sijui kuchora macho. Najua jozi moja tu. Tangu utotoni nilipoanza kuchora kwa mkaa ukutani, macho niliyoyajua vizuri ni yale yaliyokuwa yananitazama nikikosea. Vichwa vyote kwenye vibao vya vinyozi wa mji huu, vya panki na vya upara, vina macho ya baba. Mkono unayaleta wenyewe bila kuniuliza. Midomo naichukua kwenye kile kioo kidogo kilichoning'inia msumarini, nafungua wangu, nachora. Ndivyo ninavyofanya kazi miaka yote, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Laiti ningeishia hapo ingekuwa bahati mbaya ya fundi, tungecheka. Lakini Jumamosi ya kuamkia ile Jumapili ya nne, kabla ya kulikunja turubai, nilirudi nyuma hatua tatu nikalitazama, nikayaona. Niliona kope la kushoto. Brashi ndogo ilikuwa mkononi, rangi haijakauka. Kuinua lile kope ilikuwa kazi ya kupiga chafya. Nikakumbuka lile neno la baba, kibao cha kinyozi. Nikaiosha brashi nikaenda kulala.

Nimeshalisema. Nilimwuza baba kwa kope moja, kisha nikamsingizia mtu aliyekuwa wa kwanza kuuheshimu mkono wangu. Na yote niliyokuandikia juu ya hila zake nilikuwa nayatafuta ili niyaamini mwenyewe. Ukimshuku mwenzako kwa bidii, unapata nafasi ya kutojitazama. Naona haya, dada. Naona haya hata kalamu inateleza.

Unadhani nimeamua kusema kwa ujasiri wangu? Thubutu. Jana mchana mlango ulisukumwa, nikaona fimbo, kisha baba. Hajawahi kuingia karakanani kwangu tangu niifungue. Alikaa juu ya kopo la rangi, akaniambia nilifungue turubai. Nikalitundika ukutani. Akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu sana. Halafu akageuka akatazama vibao vilivyoegemea ukuta, kinyozi mmoja baada ya mwingine, kila kichwa kinamtazama yeye. Nikangoja fimbo. Badala yake akasema kwamba kile kibao cha kinyozi wa sokoni kimekuwa kikimkodolea macho kwa miaka minne, na kwamba kila akipita huvuka barabara. Kumbe alijua siku zote, na hakuwahi kuniambia.

Nikataka kusema ilikuwa mazoea ya mkono. Akanikata. Akasema macho ameyatambua na hana ugomvi nayo, maana pengine aliyatumia vibaya nyumbani mwake, na kile kibao cha kanisa alipaswa kunipa. Kisha akanyoosha fimbo, ncha yake ikagusa kile kinywa kinachonena makuu, akaniuliza huu mdomo nao ni wa nani.

Dada, niligeuza uso. Kioo kilikuwa pale msumarini, mdomo wangu ndani yake umebaki wazi, vile vile ulivyo kwenye turubai, hata lile pengo la jino. Mdomo uliokwenda kwa katibu, kwa mpiga kinanda, ukafika hadi kwako. Baba akainuka, akajishika nyonga. Mlangoni akasema Jumapili atakwenda kanisani, atakaa benchi la mbele, na hataki kusomewa karatasi ya katibu. Anataka kuusikia mdomo ule wenyewe ukisema.

Basi ombi langu ni moja. Ukimaliza kusoma, mpigie katibu simu leo leo, umwambie unaiondoa barua yako. Usiniulize niko tayari kiasi gani. Jumapili nitasimama, nitasema kama nilivyokuandikia, na Mwalimu atakuwa ameketi pale ananisikiliza, na baba pia. Kama watanitoa ushirika, watakuwa na haki. Kama utaweza kuja, njoo ukae na mama, maana hajui bado, na sitaki akiinuka awe peke yake na ile mikoba.

Msalimie shemeji, umwambie deni la utani liko pale pale. Wabusu watoto. Ukinikasirikia nikasirikie mimi, usimkasirikie baba, na usikawie sana kunisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Brashi

Turubai baba amenikataza nisilifute. Amesema nimpelekee nyumbani, na niliache kope lilivyo.