Majivu Yako Tunayazika Lang'ata

Mpendwa Baba Anyango,

Leo nimemaliza kupanga karatasi zako, na nimekukasirikia.

Tulipokutana nilikuwa karani wa maktaba mjini, nikikuletea magazeti ya zamani. Ulikuwa mwandishi wa habari uliyechoshwa na habari. Ukaanza kuwaandikia Wajerumani wenzako historia ya mkate, ya sabuni, ya kitanda. Walivipenda vitabu vyako. Cha mwisho kilihusu namna watu wanavyozika wafu wao. Ulihudhuria mazishi ya watu usiowajua, daftari mkononi, hadi kaka yangu Ochieng akaniuliza, "Huyu shemeji anatafuta nini kwa matanga ya watu?"

Kisha saratani ikakushika. Hospitalini ulinivuta karibu. "Nichomeni. Majivu yapeperusheni vilimani Ngong. Sitaki kaburi."

Nikaahidi.

Ochieng alikuja hapa Loresho, akakataa chai. "Dada, shemeji si kuni. Nunua hata shimo makaburini Lang'ata."

"Nimeshamwahidi."

Hakuja kukuaga, wala ndugu zangu wengine. Pale Kariokor, Wahindi wanapochomea wafu wao, tulikuwa watatu: mimi, binti yetu, na jirani yetu Mama Jaspreet, aliyetuonyesha pa kusimama kwa kuwa mumewe alichomwa hapo hapo. Anyango hakulia. Tukirudi nyumbani aliniuliza, "Mum, nikitaka kuongea na Dad, nitaenda wapi?"

Ana miaka tisa. Miezi minne sasa hajaacha kuuliza.

Leo, kwa Kijerumani changu cha kubabaisha, nimesoma sura ya mwisho ya kitabu chako cha mazishi. Umeandika kwamba kaburi si la maiti, ni la waliobaki, na anayewanyima amewadhulumu. Kumbe ulijua. Uliyaandika ukiwa mzima, halafu kitandani ukatunyima hata jiwe. Labda uliogopa. Labda ni maumivu yaliyosema. Nani wa kuniambia sasa?

Ngong sikuweza kwenda. Bado uko kabatini. Jumamosi tunakuzika Lang'ata. Nilipompigia Ochieng kumwambia, alisema, "Nitakuja na jembe."

Nimevunja ahadi niliyompa mtu anayekufa. Huo ni mzigo wangu, nitaubeba. Mtoto nimemtua wake.

Lala, mume wangu.

Mkeo,
Mama Anyango